Pikapu Isiyobeba Mzigo

Mwambie fundi gereji kwamba pikapu yako inanguruma hata ikiwa imesimama, atakuomba ufungue boneti. Mwambie mpiga besi maneno hayohayo, atakuuliza kama umeangalia waya wa ardhi. Wapiga gitaa wetu wamelitohoa neno hili kutoka Kiingereza na limekaa vizuri mdomoni: pikapu moja, pikapu mbili, ngeli ya I-ZI, sawasawa na lile gari la kubebea mchanga. Sina ugomvi na utohozi. Kasoro yake ni kwamba neno halimfundishi mwanafunzi chochote kuhusu kifaa chenyewe. Na wale wanaotaka kulitafsiri hukimbilia “kinasa sauti”, ambalo ni baya zaidi, kwa sababu linafundisha jambo lisilo la kweli.

Chini ya nyuzi nne za besi kuna kijisanduku cha plastiki, mara nyingi cheusi: hiyo ndiyo pikapu. Ndani yake mna vijiti vya sumaku vilivyosimama wima, vimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, waya uliopakwa vanishi ili mzunguko mmoja usigusane na mwingine na kupiga shoti. Uzi wa besi ni wa chuma. Ukikaa karibu na sumaku, nao hugeuka sumaku kwa kiasi. Ukitikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili hubadilika, na uga ukibadilika ndani ya koili, umeme huzaliwa kwenye waya. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831, wakati hakuna aliyewaza gitaa la umeme. Umeme wenyewe ni kidogo, kwa kawaida hata volti moja haufiki, ila unakwenda na kurudi kwa mwendo uleule wa uzi. Uzi mnene kuliko wote, yaani E, hutikisika mara 41 na ushei kwa sekunde, na umeme nao mara 41 na ushei. Amplifaya inaukuza, spika inaisukuma hewa, na hapo ndipo sauti ya kujaza ukumbi inapozaliwa.

Angalia kwamba katika njia hiyo yote, kutoka kidoleni hadi kwenye spika, hewa haijatajwa. Maikrofoni huhitaji hewa iipige usoni ndipo ijibu. Pikapu ya besi haina habari na hewa. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Washa amplifaya kwa volyumu ya chini, chukua bisibisi, gonga taratibu kijiti kimoja cha sumaku: spika itajibu kwa kishindo. Mafundi hutumia mbinu hii kujua pikapu ipi ni nzima kabla hata hawajafunga nyuzi. Sasa isogelee pikapu hiyohiyo uiimbie. Kimya.

Ikiwa sauti yako inatoka kwenye spika, gitaa linaumwa. Koili imelegea, na waya zake zinachezacheza mbele ya sumaku kila zinapotikiswa. Gitaa la namna hiyo hupiga miluzi ukisogea karibu na spika jukwaani. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huizamisha koili kwenye nta iliyoyeyushwa, wakaiacha igande humo waya zitulie. Pikapu inayonasa sauti, basi, ni pikapu mbovu.

Sehemu ya kwanza ya “kinasa sauti” naikubali kwa mikono miwili. Kunasa ni kitenzi chenye uzoefu wa kazi hii: ulimbo unanasa ndege, na redio inanasa stesheni ya mbali usiku. Yanayonaswa na redio ni mawimbi, na hakuna anayedhani sauti ya mtangazaji imepaa angani kwa miguu yake. Kinachonaswa kwenye besi ni mtetemo wa uzi. Kwa hiyo istilahi kamili ninayoitumia ni “kinasa mtetemo”, na katika mazungumzo ya kila siku “kinasa” peke yake inatosha, wingi “vinasa”. Wapo watakaotaka “kihisi”. Si kosa, ila neno hilo limeshachukuliwa na vifaa vinavyopima joto au mwanga na kutoa taarifa, na mwanamuziki halioni gitaa lake humo. Wapo pia watakaopendekeza “kidaka”, kutokana na kudaka. Lingekuwa neno tamu, ila mtu wa Lamu au Unguja akilisikia atatazama ukutani, kwenye zile zidaka za kuwekea vyombo vya kauri.

Kifaa hiki hakikuanza na besi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko California, George Beauchamp alitengeneza kinasa chenye sumaku mbili za umbo la kiatu cha farasi, zilizopinda juu ya nyuzi, akakifunga kwenye gitaa la kulaza mapajani. Hataza yake ilitoka mwaka 1937. Wapiga besi waliendelea kuhangaika na lile besi kubwa la kusimama, ambalo halisikiki ngoma zikichanganya, mpaka mwaka 1951 Leo Fender wa Fullerton alipoleta Precision Bass. Jina hilo lilitokana na freti, vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa: kidole kikibonyeza nyuma ya freti, noti inatoka sahihi bila kubahatisha. Kinasa cha besi hiyo ya kwanza kilikuwa na koili moja tu, na koili moja ina adabu mbaya.

Koili haijui kuchagua. Inanasa uzi, na inanasa pia uga wa sumaku unaotoka kwenye nyaya za umeme ukutani, kwenye transfoma ya amplifaya, kwenye taa za ukumbi. Matokeo yake ni mvumo. Hapa Afrika Mashariki umeme wa gridi huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene ni mitetemo 49. Maana yake mvumo wa umeme wetu unakaa juu kidogo ya G, karibu kiasi cha kukera, na mwenziwe wa mitetemo 100 anakaa vilevile juu kidogo ya uzi mwembamba ulioachwa wazi, wenye mitetemo 98. Mpiga besi wa Dar es Salaam au Nairobi anayepiga wimbo wa G kwa kinasa cha koili moja anapiga na mwenzake asiyejua kutyuni. Marekani, kwenye umeme wa mitetemo 60, mvumo huangukia kati ya B bemoli na B.

Mwaka 1957 Fender alikipasua kinasa vipande viwili: kimoja chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G. Ujanja uko kwenye waya na sumaku. Koili ya pili imeunganishwa kinyume na ya kwanza, kwa hiyo mvumo unaoingia kote kuwili kwa pamoja hufutana: huku unapanda, kule unashuka, jumla ni sifuri. Sumaku nazo zimegeuzwa, kaskazini ikawa kusini. Mvumo unatoka nje, hivyo haujali sumaku ya kinasa ikoje. Umeme wa uzi unategemea vyote viwili, koili na sumaku. Ukigeuza kimoja, unageuka. Ukigeuza vyote, unarudi ulivyokuwa. Kwa njia hiyo mvumo unakufa na uzi unabaki. Mantiki hiyo haieleweki kabisa ukiwa umeshika kichwani kwamba kifaa hiki “kinanasa sauti”, kwa sababu mvumo nao ni sauti, na swali la kwa nini kinaiacha moja na kuifuta nyingine lingebaki bila jibu.

Jazz Bass, besi ya Fender ya mwaka 1960, ilikuja na vinasa viwili vya koili moja moja, kila kimoja na volyumu yake. Vikiwa vimefunguliwa sawa vinafutiana mvumo. Punguza kimoja, mvumo unarudi. Wenye besi za aina hiyo wanalijua jambo hili kwa masikio, hata wasiojua sababu.

Na kwa nini viwili? Hapa ndipo mazungumzo ya wapiga besi hupamba moto, maana kila mtu ana mlio wake anaouapia. Nasema mlio, si toni, kwa kuwa toni kwa mwanaisimu ni kupanda na kushuka kwa sauti ya silabi, na kwa mwanamuziki ni hatua kati ya noti na noti, na tayari zinatosha kazi hizo mbili. Gitaa kwa Kiswahili hulia, na jinsi linavyolia ni mlio.

Uzi ukipigwa hautikisiki kwa namna moja. Unatikisika mzima mzima, na papo hapo unatikisika nusu nusu, theluthi theluthi, na kuendelea, ndizo hamoniki. Uzi wa E una ile 41 ya msingi, juu yake 82, 123, 164. Mtikisiko wa msingi ni mpana katikati ya uzi na hufifia ukikaribia daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa. Ukipima kwenye moja ya sita ya urefu kutoka darajani, upana wake ni nusu tu ya ule wa katikati. Ukisogea zaidi, unazidi kupungua, huku hamoniki za juu zikiwa bado na nguvu. Kinasa hakitembei. Kinaripoti kile kinachopita juu yake tu. Kwa hiyo kinasa cha shingoni hutoa mlio mnene, wa kifuani, na kinasa cha darajani hutoa mlio mwembamba, mkavu, unaosemea puani. Spika ya simu haiwezi kuitoa ile 41, lakini sikio likipewa 82, 123 na 164 huijazia yenyewe. Ndiyo maana mlio wa darajani hupenya hata kwenye kiredio cha dukani, na ule mnene ukapotea.

Mpiga besi Jaco Pastorius alijenga jina lake kwenye kinasa hicho cha darajani, kwa Jazz Bass ya 1962 aliyoipendelea, iliyong'olewa freti na ubao wake kupakwa gundi ngumu ya mashua. Sikiliza albamu yake ya mwaka 1976: kila noti ina ncha. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alikuwa upande wa pili kabisa. Precision ya 1962, kinasa kimoja kilichopasuliwa, nyuzi laini zisizo na mikwaruzo ambazo hakupenda kuzibadilisha, sponji chini ya kifuniko cha daraja, na kidole kimoja cha shahada kikifanya kazi yote. Huko Detroit besi yake ilipelekwa kwa waya moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi, bila maikrofoni mbele ya spika. Kutoka kwenye uzi hadi kwenye tepu, hewa haikuguswa hata mara moja, na bado watu wanaomba duniani kote wauziwe “sauti ile”.

Kwetu, suala la nani anamiliki kinasa lilikuwa na jibu la ajabu kidogo. Katika enzi za bendi za mashirika Tanzania, vyombo vilikuwa mali ya bendi au ya taasisi iliyoilea: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, bendi ya Mlimani Park ikaja kulelewa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama, na kuhama kulikuwa kwingi, gitaa lilibaki. Aliondoka na vidole vyake tu. Kwa kuwa kinasa kimefungwa pale kilipo, mtu hubadilisha mlio kwa kusogeza mkono: piga karibu na shingo, uzi unatikisika kwa upana, piga karibu na daraja, hamoniki zinaamka. Mpiga besi wa dansi alilazimika kuujua umbali huo kwa mkono, chombo chochote atakachokikuta.

Kuna mipaka ambayo neno “kinasa” peke yake halionyeshi, na hapo inabidi kuongeza maelezo. Kinasa cha sumaku hakina msaada kwa uzi usio wa chuma. Kiweke chini ya udi wa taarabu wenye nyuzi za nailoni, hakitasema neno. Udi, au besi la kusimama lenye nyuzi za utumbo, huhitaji kinasa cha mgandamizo, ambacho hukaa chini ya daraja na kutoa umeme kila kinapobanwa, sifa ya fuwele iliyogunduliwa na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Hiki hakiutazami uzi, kinaonja mtikisiko unaofika kwenye ubao. Basi tuseme “kinasa cha sumaku” na “kinasa cha mgandamizo”, na muuzaji atajua akupe kipi.

Hilo linatufikisha kwenye ubishi wa mbao, ambao hauishi. Wapo wanaolipia fedha nyingi kwa ajili ya aina ya mti. Kinasa cha sumaku hakiusikii mti. Mti unaweza kusema kupitia uzi tu, kwa kuunyang'anya nguvu haraka au kuuachia utetemeke, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ni ndogo kuliko ya kusogeza mkono sentimita tano. Pale inapoonekana wazi ni shingoni: kwenye besi nyingi za Fender, uzi wa G ukibonyezwa kati ya freti ya tano na ya saba hufa mapema kuliko majirani zake, kwa sababu shingo hutikisika kwa mwendo unaokaribiana na wa noti hiyo na kuinywa nguvu. Bana kipande cha chuma kizito kichwani mwa gitaa, na sehemu hiyo iliyokufa itahamia freti nyingine, wakati kinasa ni kilekile na hakijaguswa skrubu.