Lübeck kwa miguu: mji wa matofali na chumvi

Mji wa kale wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, umezungukwa na maji ya mito Trave na Wakenitz, hivyo umekaa kama kisiwa. Ni mdogo, asubuhi moja yatosha kuuona kwa miguu, ila vaa viatu vya chini maana njia nyingi zimetandikwa mawe. Kwa karne kadhaa ndio uliokuwa kinara wa Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara wa Bahari ya Baltiki. Nasi watu wa pwani si wageni kabisa kwao: mwaka 1859 Lübeck, Bremen na Hamburg zilifanya mkataba wa biashara na Sultani Majid wa Unguja, zama ambazo Mombasa na Lamu zilikuwa chini yake.

Anzia Holstentor, lango la minara miwili lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Minara imeinama, kwani chini ni kinamasi na jengo limedidimia. Kuta za upande wa nje, alikotazamiwa adui, zina unene wa zaidi ya mita 3, za upande wa mji hazifiki mita 1. Karne ya 19 lango hili lilikuwa gofu, na wengi walitaka libomolewe. Mwaka 1863 baraza la raia likapiga kura, likaokoka kwa kura moja tu. Kwetu nyumba ngapi za Mji wa Kale zimekwenda bila hata kura hiyo?

Kando ya lango, ukingoni mwa mto, yako maghala sita ya chumvi, la kwanza la mwaka 1579. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, ikaletwa kwa mashua kupitia mfereji uliokamilika 1398, kisha ikapakiwa merikebuni kwenda Skandinavia kuhifadhia samaki. Utajiri wote utakaouona mjini, sehemu kubwa yake ni chumvi na samaki.

Panda hadi kanisa la Marienkirche. Sisi tulikuwa na matumbawe na chokaa. Wao hawakuwa na jiwe la kujengea, wakachoma udongo. Kwa matofali hayo wakainua dari la mita 38.5. Usiku wa kuamkia 29 Machi 1942 ndege za Uingereza ziliupiga mji kwa mabomu, moto ukala karibu sehemu moja ya tano ya mji wa kale. Kengele zikaporomoka kutoka mnarani. Zingali pale pale sakafuni, zimepasuka, hazikuondolewa. Ukiwa na haraka, ruka vingine vyote lakini usiliruke hili.

Kisha ingia vichochoroni. Nyuma ya nyumba za matajiri kuna vijia vyembamba, vilivyosalia ni kama 90, ambako vibarua na mafundi walijengewa vyumba vidogo. Baadhi ya viingilio ni vifupi hata mtu mrefu huinama. Kilicho kizuri zaidi ni Füchtingshof, mtaa wa Glockengießerstraße: mfanyabiashara Johann Füchting aliacha wasia, na mwaka 1639 zikajengwa nyumba za wajane wa wafanyabiashara na manahodha. Sisi tungeiita waqfu, na hatungekosea. Watu wanaishi humo hadi leo, basi ingia mchana, usipaze sauti, wala usipige picha madirishani mwa watu. Unesco iliuorodhesha mji huu mwaka 1987, Lamu ikafuata 2001, na adabu inayotakiwa ni ile ile.

Malizia Heiligen-Geist-Hospital, nyumba ya maskini na wagonjwa iliyokamilika 1286. Ndani ya ukumbi mrefu kuna safu za vibanda vya mbao, kila kimoja kitanda na nafasi ya kugeukia tu. Wazee waliishi humo hadi mwaka 1970.