Utafiti wa Mwanafunzi na Historia ya Majina Yake

Miongoni mwa mambo yanayotakiwa siku hizi katika vidato vya tano na sita ni kwamba mwanafunzi ajichagulie swali, alitafutie majibu kwa juhudi yake mwenyewe, apime ushahidi alioupata, kisha aandike alichokiona. Jambo hili limepewa majina mengi: mradi, uchunguzi, utafiti, kazi huru, insha ndefu. Na uwezo unaokusudiwa kujengwa kwalo huitwa mara fikra tunduizi, mara kufikiri kwa kina, mara fikra yakinifu. Wafasiri wanaulalamikia wingi huu, na walimu wanauvumilia. Sisi tunaona kwamba unafaa kusimuliwa kwanza kabla ya kurekebishwa, maana kila jina limeingia shuleni kwa njia yake, na limeingia na mzigo wake kichwani.

Tuanze na mradi. Maana yake ya zamani ni kusudio, jambo linalotakiwa litimie, nayo ingali hai tunaposema "mradi amefika salama". Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na iwe jamii inayochangia riziki yake yenyewe. Tangu hapo mradi wa shule ukawa bustani ya mchicha, banda la kuku, tanuri la matofali. Hatusemi hivyo kwa kubeza. Kijitabu hicho hicho kilitaja mambo matatu ambayo elimu iyajenge katika kila raia: la kwanza lilikuwa akili yenye kudadisi, la pili, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa ya kwao au kuyageuza yalingane na mahitaji yetu, la tatu, kujiamini kwa mtu huru aliye sawa na wenzake. Tena kilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao. Kwa hiyo shamba lilikusudiwa liwe pia mahali pa kuuliza: mbolea hii imeleta nini, na isingekuwapo ingekuwaje? Lakini ni rahisi kumwonyesha mkaguzi matuta kuliko kumwonyesha maswali, na neno likafuata matuta. Mpaka leo, mfasiri anapoandika "mradi wa mwanafunzi" katika waraka wa mtaala, asishangae mzazi akiuliza kama mtoto aje na jembe.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipinga elimu iliyotawaliwa na mtihani wa mwisho, likawataka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kuanzia 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya siku zote yakaingizwa katika matokeo yake, na pamoja na majaribio ya darasani, kazi na tabia navyo vikahesabiwa. Hapo mlango ulikuwa wazi kwa swali la mwanafunzi mwenyewe kupewa alama. Mlango ulipitiwa zaidi na jaribio la darasani, ambalo ni mtihani uleule uliokatwa vipande.

Sasa tuje kwenye neno utafiti. Mwaka 1968 liliundwa kwa sheria baraza la taifa la kusimamia utafiti wa kisayansi, likajulikana kwa jina fupi la UTAFITI, hadi mwaka 1986 lilipotungiwa sheria mpya na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mwaka 1970 ikazaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi katika mji mmoja, kwa tofauti ya miaka miwili, kazi ya aina moja ilipewa majina mawili: wanasayansi walikuwa wakitafiti, wanalugha walikuwa wakichunguza. Hatudhani kwamba kulikuwa na ugomvi. Maneno yote mawili yalifaa, na kila mmoja alishika lililokuwa karibu. Lakini uchunguzi ulikuwa na kazi nyingine nyingi, wa maiti, wa ajali, wa tuhuma za wizi, na neno lenye waajiri wengi halimtumikii yeyote kwa ukamilifu. Utafiti ukakaa chuoni, ukapata shahada. Taasisi ilipobadilishwa mwaka 2009 kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, neno uchunguzi likatoka katika jina lake.

Hapa inafaa tusimame, kwa kuwa pana jambo ambalo orodha za istilahi hazilisemi. Tukiyakusanya maneno ya Kiswahili yanayohusu kuuliza, tutaona kwamba mengi yana harufu ya kituo cha polisi au ya jirani mbeya. Kupeleleza ni kazi ya askari kanzu. Kuhoji hufanywa na hakimu na wakili. Kusaili kumekwenda kwenye ofisi za ajira, ambako anayeuliza ni mkubwa na anayejibu ana njaa. Kudodosa ni kumtoa mtu maneno kidogo kidogo, pengine bila yeye kujua. Kudadisi, neno ambalo falsafa ya elimu ya Taifa ililihitaji kuliko yote, katika matumizi ya nyumbani mara nyingi ni lawama: mtoto mdadisi ni yule anayeulizia mambo ya wakubwa. Ni kweli kwamba wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini methali hiyo inamsamehe tu anayeuliza. Haimsifu.

Wanaistilahi walifanya kazi nzuri ya kuyasafisha maneno haya. Kutoka hoji wakapata hojaji, kutoka dodosa wakapata dodoso, na karatasi ya maswali ikapata majina mawili yasiyomtisha mtu. Hata hivyo neno halisafiki kwenye karatasi peke yake. Mwanafunzi wa kidato cha tano anapokwenda kwa mzee wa kijiji na kusema amekuja "kumhoji", mzee atasikia alichozoea kusikia. Atasema, "Mjukuu wangu, nimekosa nini?" Akisema amekuja "kutaka kujifunza kwake", mkeka utatandikwa. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi kwa kazi ya nje ya darasa hana budi kuwafundisha tofauti hii, na haimo katika kamusi.

Mfano mkubwa tulio nao si wa shule ya sekondari, bali unakaribiana nayo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda katika maeneo yaliyopigana Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, wakawasikiliza wazee waliokuwapo au waliosimuliwa na waliokuwapo. Wengi wa vijana hao walikuwa wametoka kidato cha sita muda si mrefu. Walilinganisha kauli ya mzee na kauli ya mwingine, na zote mbili na maandishi ya Wajerumani. Hiyo ndiyo fikra tunayoitafutia jina. Walisimuliwa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kisha ripoti zao zikaandikwa kwa Kiingereza.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwezi Januari 1985. Kama pendekezo hilo lingekubaliwa, kidato cha tano cha kwanza cha Kiswahili kingeanza mwaka 1989. Mwaka uliofuata, 1990, Taasisi ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Tarehe zinakaribiana mno kiasi cha kuhuzunisha: maneno yalifika kituoni, abiria hawakuja. Serikali iliamua Kiingereza kiendelee, na kwa miaka mingi katika vidato vya juu somo la Kiswahili ndilo lililokuwa mahali ambapo mwanafunzi wa kawaida alijenga hoja ndefu kwa lugha anayoiota usiku.

Tuchukue kijana anayetaka kujua kwa nini kisima cha kijiji chake hukauka Septemba, na cha kijiji jirani hakikauki. Amesikia kutoka kwa bibi yake kwamba miti ya kando ya kisima ilikatwa. Amesikia kutoka kwa fundi kwamba kisima hakikuchimbwa kwa kina cha kutosha. Moyoni mwake anajua lipi ni dai, lipi ni ushahidi, na nani ana sababu ya kusema asemavyo. Akikaa kuandika ripoti yake ya jiografia, nusu ya nguvu inakwenda katika kutafuta sentensi, na iliyobaki haitoshi kumpinga fundi. Mwalimu atasema hawezi kufikiri.

Limebaki jina la uwezo wenyewe. Kenya, katika mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, imechagua kuwaza kwa kina. Kwetu tunduizi limesambaa, neno ambalo msomaji hulisikia tundu ndani yake, kana kwamba mwenye fikra hizo anachungulia ukutani. Kina ni afadhali, lakini mtu anaweza kuwaza kwa kina sana na asipime chochote. Sisi tungependelea fikra hakiki. Kuhakiki ni kulipima jambo mpaka haki yake ijulikane, na wanafasihi wamelitumia neno hilo kwa miaka mingi bila ya kuchoka. Watumishi wa Serikali watatupinga, kwa kuwa tangu uhakiki wa vyeti uliofanyika miaka ya 2016 na 2017 neno hilo limewaachia baridi mgongoni. Pingamizi hilo lina uzito, ingawa linathibitisha pia kwamba kila mtu analielewa. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma Kiswahili hukutana nalo katika maswali ya riwaya na ushairi, akatakiwa ahakiki, naye huhakiki. Kengele ikilia akaingia darasa la jiografia, neno hilo huliacha juu ya dawati, kwa sababu huko hana mahali pa kuliandika.