Amil Shivji

Amil Shivji (amezaliwa Dar es Salaam, 1990) ni mwandishi wa skripti, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa filamu zake mbili ndefu za hadithi, *T-Junction* (2017) na *Vuta N'kuvute* (2021). Filamu ya pili imetokana na riwaya ya Kiswahili ya Adam Shafi yenye jina hilohilo. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuoneshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, na ni ya pili kuwahi kupendekezwa na Tanzania kushindania Tuzo za Oscar.

Shivji alianza kwa kuandika na kuongoza filamu fupi kuhusu watu wa kawaida wa mjini, kisha akaendelea hadi filamu ndefu na hadithi za kihistoria. Hadithi zake husimuliwa kwa Kiswahili.

Maisha ya awali na elimu

Shivji alizaliwa na kukulia Dar es Salaam. Baba yake ni Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, mwanasheria na mwandishi aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2008 na 2013 Issa Shivji alishika Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika katika chuo hicho. Masuala ya ukoloni, tabaka na ardhi, ambayo baba aliyaandikia vitabu, yanaonekana pia katika filamu za mwana, ingawa huko yanabebwa na wahusika na maisha yao ya kila siku.

Amil Shivji alisomea filamu katika Chuo Kikuu cha York, mjini Toronto, Kanada. Filamu yake fupi *Who Killed Me* ilitoka mwaka 2012. Baadaye alirudi Tanzania kufanya kazi.

Hali ya filamu nchini Tanzania

Tanzania ilikuwa na kampuni ya serikali ya filamu, Tanzania Film Company, iliyoanzishwa mwaka 1968. Miongoni mwa filamu zilizotengenezwa nchini katika kipindi hicho ni *Fimbo ya Mnyonge* ya miaka ya 1970 na *Arusi ya Mariamu* (1985), iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill. Filamu zilizotengenezwa zilikuwa chache kwa sababu filamu ya selulosi ilihitaji mitaji mikubwa na vifaa vya kutoka nje.

Kuanzia miaka ya 2000, kamera za video za bei nafuu zilileta wimbi jipya la watengenezaji binafsi, ambalo wananchi waliliita Bongo Movie. Filamu ya *Girlfriend* (2003), iliyoongozwa na George Tyson, huhesabiwa kati ya zilizofungua njia. Filamu hizo zilirekodiwa kwa haraka na kuuzwa mitaani kwenye kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Zilijenga hadhira kubwa ya Kiswahili na kuwapa umaarufu waigizaji kama Steven Kanumba (1984–2012). Hata hivyo, mara nyingi skripti ilikuwa fupi au haikuandikwa kabisa. Mwongozaji aliwaeleza waigizaji kisa, nao wakajitungia maneno mbele ya kamera.

Shivji alianza kazi katika mazingira hayo, lakini alifuata utaratibu tofauti: kuandika skripti kamili kwanza, kufanya mazoezi na waigizaji, kisha kurekodi. Utaratibu huo huchukua muda mrefu, na filamu zake ni chache zikilinganishwa na za watengenezaji wengi wa soko la DVD.

Kijiweni Productions na filamu fupi

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Shivji alianzisha kampuni ya Kijiweni Productions, yenye makao yake Dar es Salaam. Jina limetokana na neno kijiwe, yaani mahali ambapo watu wa mtaani, hasa vijana, hukutana kuzungumza, kusubiri vibarua na kujadili habari za siku.

Filamu fupi ya *Shoeshine* (2013) inafuata maisha ya mng'arisha viatu wa Dar es Salaam. Watu wa tabaka mbalimbali hupita mbele yake na kuweka miguu yao kwenye kisanduku chake, na kupitia kwao mtazamaji anauona mji jinsi ulivyo. Mwaka 2014 ilifuata filamu fupi nyingine, *Samaki Mchangani*. Filamu hizo zilioneshwa katika matamasha ndani na nje ya Tanzania, na ndizo zilizomtambulisha kama mwandishi na mwongozaji.

T-Junction

*T-Junction* ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Shivji. Aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Fatima, anayeigizwa na Hawa Ally, ni binti aliyefiwa na baba yake, mtu mwenye asili ya Kihindi ambaye hakuwa karibu naye. Hospitalini anakutana na Maria, anayeigizwa na Magdalena Christopher. Maria anaanza kumsimulia habari za watu wa njia panda: wachuuzi na wakazi wanaojitafutia riziki pale na waliofanya mahali hapo kuwa kama nyumbani kwao.

Skripti imejengwa kwa hadithi ndani ya hadithi. Fatima huja kusikiliza, Maria husimulia kwa vipande, na mtazamaji naye anasubiri sehemu inayofuata. Kwa njia hiyo msiba wa familia moja ya Kihindi na Kiafrika unaunganishwa na msiba wa jamii nzima ya watu wasio na ulinzi. Suala la wafanyabiashara wadogo kuondolewa barabarani linafahamika vizuri na wakazi wa Dar es Salaam, na filamu inalileta kupitia urafiki wa wasichana wawili.

*T-Junction* ilifungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF) mwaka 2017, tamasha hilo lilipotimiza awamu yake ya 20.

Wahenga

Mwaka 2018 ilitoka filamu ya hali halisi ya *Wahenga*, ambayo Shivji aliiongoza pamoja na Rebecca Corey. Filamu inahusu muziki wa zamani wa dansi wa Tanzania, unaojulikana kama zilipendwa, na juhudi za mwanamuziki John Kitime na wenzake za kuupiga upya jukwaani. Nyingi za nyimbo hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zake ni sehemu ya kumbukumbu za taifa.

Vuta N'kuvute

Riwaya

Riwaya ya *Vuta N'kuvute* iliandikwa na Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye pia ni mtunzi wa *Kasri ya Mwinyi Fuad*, *Kuli* na *Haini*. Ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na imekuwa ikisomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania.

Hadithi inatokea Zanzibar katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kabla ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mzee wa miaka 52. Anamkimbia mumewe, anakataliwa na jamaa zake, na kupata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo. Huko anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayeandamwa na polisi kwa harakati zake dhidi ya serikali ya kikoloni.

Kutoka riwaya hadi skripti

Skripti iliandikwa na Shivji pamoja na Jenna Bass, mwandishi na mwongozaji wa Afrika Kusini. Bass alikuwa tayari ameandika pamoja na Wanuri Kahiu skripti ya *Rafiki* (2018), filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika Tamasha la Cannes.

Riwaya ni ndefu na ina wahusika wengi. Inamfuata Yasmin hadi Mombasa na kurudi, na inaeleza maisha yake baada ya kutengana na Denge. Filamu ina urefu wa takriban saa moja na nusu, kwa hiyo waandishi walichagua kiini kimoja, nacho ni mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na mapambano yanayoyazunguka. Mambo ambayo Shafi anayaeleza kwa sauti ya msimulizi, kama vile woga wa Yasmin au dharau ya watawala, yamegeuzwa kuwa vitendo, macho, ukimya na muziki.

Uchaguzi huo ulikuwa na uzito wake. Watazamaji wengi wa Tanzania waliisoma riwaya shuleni na kuikumbuka sehemu kwa sehemu. Hadithi yenyewe inagusa ndoa ya kulazimishwa, mipaka ya rangi na dini, na siasa za Zanzibar kabla ya Mapinduzi, kipindi ambacho bado kinajadiliwa kwa hisia kali. Filamu inakiangalia kipindi hicho kwa macho ya msichana anayetafuta uhuru wake mwenyewe, na inaonesha kuwa kudai uhuru wa nyumbani na kudai uhuru wa nchi vilikwenda pamoja.

Waigizaji na utayarishaji

Yasmin anaigizwa na Ikhlas Gafur Vora na Denge anaigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika. Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar anayejulikana kwa kundi la Siti and the Band. Taarabu ina nafasi kubwa katika filamu, kama ilivyo katika riwaya, kwa kuwa ni mahali ambapo wanawake wanapata sauti na watu wa jamii tofauti wanakutana.

Filamu ilirekodiwa Zanzibar. Utayarishaji wake ulishirikisha Kijiweni Productions na washirika wa kigeni, akiwemo mtayarishaji Steven Markovitz wa Afrika Kusini, ambaye pia alitayarisha *Rafiki*. Ushirikiano wa namna hii huwawezesha watengenezaji wa Afrika Mashariki kupata fedha za filamu ya kihistoria, ambayo hudai mavazi, magari na mandhari ya zamani. Pamoja na fedha hizo za nje, hadithi ilibaki katika Kiswahili.

Mapokezi

*Vuta N'kuvute* ilioneshwa kwa mara ya kwanza duniani mjini Toronto mwezi Septemba 2021, katika mji uleule ambako Shivji alisomea filamu. Kwa Kiingereza iliitwa *Tug of War*. Mwaka 2022 Tanzania iliipendekeza kushindania Tuzo za Oscar za 95 katika kundi la filamu bora ya kimataifa, ingawa haikuingia katika orodha ya mwisho. Pendekezo pekee la Tanzania kabla yake lilikuwa *Maangamizi* (2001) ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Hivyo zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20 bila Tanzania kupeleka filamu yoyote.

Mtindo na mada

Mambo kadhaa yanajirudia katika kazi za Shivji. Wahusika wake wakuu ni watu wasio na madaraka, kama mng'arisha viatu, mchuuzi, binti aliyefiwa au mke aliyetoroka. Jamii za Kihindi na Kiafrika za Afrika Mashariki huoneshwa zikiishi pamoja, zikipendana na kugombana, badala ya kila moja kuwa na hadithi yake pekee. Historia nayo huletwa kupitia mahusiano ya watu wawili au watatu, bila hotuba ndefu.

Tofauti na riwaya na ushairi, ambavyo vina mapokeo marefu katika Kiswahili, riwaya za lugha hii zilizogeuzwa kuwa filamu ndefu bado ni chache sana. Kwa sababu hiyo *Vuta N'kuvute* ina nafasi ya pekee, kwani imeunganisha fasihi ya Kiswahili na sinema ya Tanzania.

Ufundishaji

Mbali na kutengeneza filamu, Shivji amefundisha nadharia na utengenezaji wa filamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Filamu alizoongoza

- *Who Killed Me* (2012), filamu fupi
- *Shoeshine* (2013), filamu fupi
- *Samaki Mchangani* (2014), filamu fupi
- *T-Junction* (2017), filamu ndefu
- *Wahenga* (2018), filamu ya hali halisi, pamoja na Rebecca Corey
- *Vuta N'kuvute* (2021), filamu ndefu