Jukwaa la Intaneti Lilipoanzia, na Wodi 70 Zinazolisubiri

Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni kadhaa za intaneti jijini Nairobi ziliunganisha mitambo yao mahali pamoja ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya mwenzake isilazimike tena kupitia nje ya nchi. Hadi wakati huo, ukimwandikia jirani aliyetumia kampuni tofauti na yako, ujumbe ulipaa kwa setilaiti hadi Ulaya au Marekani, ukageuzwa huko, kisha ukarudi Nairobi. Safari hiyo ililipiwa kwa dola. Kituo kipya kiliitwa KIXP, na hakikudumu. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya majuma machache tu Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe kwa kuwa ni haramu.

Wahandisi wakaanza kubisha milango ya wakubwa wakieleza lile lile: mtambo huu haupeleki chochote ng'ambo, unaondoa tu safari zisizo na haja. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002, zaidi ya mwaka mzima baadaye, na mzunguko wa ujumbe uliokuwa ukichukua sekunde nzima au zaidi ukawa wa kufumba na kufumbua.

Wanaosimulia historia ya majukwaa ya kitaifa ya intaneti, yaani mikutano ya kujadili namna intaneti inavyoendeshwa, huanzia Geneva mwaka 2003 na Tunis mwaka 2005, kwenye mikutano mikuu ya Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari. Ni kweli kwamba azimio la Tunis ndilo lililozaa jukwaa la dunia, lililokutana kwanza Athens mwaka 2006. Ila kwa Kenya mimi naona mzizi uko kwenye ule mtambo uliofungwa. Walioamua kuufunga hawakuuelewa, na waliouelewa hawakuwa na kikao cha kusemea.

Kikao kilipatikana polepole. KICTANet, mtandao uliowaleta pamoja wahandisi, wanahabari, wasomi, wanaharakati na kampuni, uliipigania sera ya taifa ya teknolojia ya habari hadi ikatoka mwaka 2006. Mwaka 2008 ukaandaa jukwaa la kwanza la kitaifa, na Novemba mwaka huo huo Nairobi ikapokea la Afrika Mashariki. Septemba 2011 zamu ya dunia ikafika: watu zaidi ya 2,000 walikutana katika ofisi za Umoja wa Mataifa, Gigiri, Alice Munyua akiongoza maandalizi ya wenyeji.

Jukwaa la Kenya halitungi sheria wala halipigi kura, na wapo wanaolibeza kuwa ni la chai na mandazi. Sikubaliani nao kabisa. Suala la data za watu lilirudiwa vikaoni miaka na miaka kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data kutiwa saini Novemba 2019. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu iliitegemea sheria hiyo kuamua kwamba kadi za Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kitambulisho cha kidijitali, zilitolewa bila kwanza kupimwa athari zake kwa faragha ya watu. Hoja haipati nguvu mahakamani kama haijawahi kusemwa hadharani. Udhaifu wa jukwaa, kwa maoni yangu, ni kwamba limewafaa zaidi wale wale waliokuwa wakibisha milango mwaka 2000: watu wa Nairobi, wenye taaluma.

Sasa toka Nairobi utazame Ukambani, kwenye kaunti za Kitui na Makueni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Mwaka huo, kote nchini, waliotumia intaneti kati ya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa asilimia 22.6 tu. Tangu hapo huduma za serikali zimehamishiwa kwenye tovuti ya eCitizen, na mbolea ya ruzuku hutangulizwa na ujumbe wa simu. Asiye na simu inayofaa huenda saiba, duka la kompyuta za kukodi, akamtajia kijana wa pale nambari ya kitambulisho na ya siri, akalipa. Ulinzi wa data unaozungumzwa hotelini Nairobi huanza au hufia kwenye kiti hicho cha plastiki.

Tena Makueni si mgeni wa mambo haya. Mji wa teknolojia wa Konza umewekwa Malili, ndani ya kaunti hiyo, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi. Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Eneo la kilomita 10 kuuzunguka liliwekewa masharti ya ujenzi, wenye mashamba wakanung'unika. Maji yake yamepangwa kutoka bwawa la Thwake, linalojengwa pale mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Kituo cha data cha taifa kiko Konza, kwa majirani ambao bado wanachota maji kwa punda.

Kinachonishangaza ni kwamba dawa ya upungufu wa jukwaa ilishabuniwa hapo hapo Makueni. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kuanzia 2013, Makueni ilijenga ngazi za kamati za wananchi kutoka kijijini, hadi wodi, hadi kaunti. Mradi ulipendekezwa chini ukapanda juu, na kamati ya wananchi ilikagua kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Hapo ndipo penye meno. Mkandarasi aliyejenga ovyo alijua sahihi ya mama wa kijiji yaweza kumkwamishia hundi. Mwaka 2019 kaunti ikaweka zabuni zake wazi mtandaoni. Mfumo huo una kasoro zake, na mabaraza huweza kutekwa na wasemaji wa kila siku, lakini unamlazimu mtu fulani kujibu.

Desemba 2025 Umoja wa Mataifa ulilifanya jukwaa la dunia kuwa la kudumu, baada ya kuongezewa muda mara mbili. Fedha bado ni za hiari, na la Kenya litaendelea kutegemea wafadhili na kampuni za simu. Kwa hiyo kujenga muundo mpya mashinani ni ndoto ya gharama. Ila Kitui ina wodi 40 na Makueni 30, na zote huita watu kila mwaka kujadili bajeti. Ajenda moja ikiongezwa pale, maswali yatajitunga: mtandao hupotelea wapi njiani kwenda Mwingi, nani anahifadhi alama za vidole vyetu, kwa nini saiba inajua nambari zangu za siri. Maswali yapelekwe Nairobi, na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyorithi CCK, pamoja na Kamishna wa Data warudi katika miji ya Wote na Kitui kabla ya bajeti inayofuata, na majibu kwa maandishi.