Udongo Uliosafiri: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mikaratusi michanga inakufa katika kitalu cha Bibi, Kamunyonge. Nyabweke amegundua kuwa vifo vilianzia ubavuni mwa ile miche ya parachichi iliyoshushwa na Fuso usiku wa manane. Dokta kutoka Morogoro amefika, akakata shina la mche ulionyauka na kulining'iniza ndani ya bilauri ya maji. "Kama adui ni yule wa nyanya," alisema, "atajitoa mwenyewe."

SASA ENDELEA...

Wote watatu waliinamia bilauri. Nyabweke alimulika kwa tochi ya simu. Bibi alivuta upindo wa kanga akaziba mdomo, kana kwamba pumzi yake ingetibua maji.

Mnyauko wa nyanya si mgeni kwa mkulima wa bustani. Asubuhi mmea umesimama, jioni umelala, na maji hata umwage pipa hauinuki tena. Bakteria wake huishi udongoni, na kule Uganda wataalamu waliwahi kumkuta akiua hata mikaratusi. Kipimo chake hakihitaji maabara. Kama yumo, hushuka kutoka kwenye mishipa ya shina na kuchora ndani ya maji uzi mweupe kama wa maziwa.

Dakika kumi zikapita. Maji yalibaki maangavu.

"Mungu mkubwa," Bibi alisema, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Kumbe si ugonjwa. Ni jua tu hili."

"Si yule niliyemtaja, Bibi," Dokta akajibu taratibu. "Ugonjwa upo."

Alichomoa mche mwingine, akachana kiriba kwa wembe, akasuuza mizizi ndani ya ndoo. Mizizi minene ilikuwepo. Ile midogo, inayonywa maji na kulisha mti, haikuwepo. Vilibaki vinyweleo vyeusi, na Dokta alipovivuta kwa kucha, ngozi ilivuka ikabaki nyuzi tupu.

Alinyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaza mbele ya bilauri.

"Nyabweke, mdogo wangu, nitafutie maparachichi sita. Machanga, magumu, yasiyo na mchubuko. Na mabeseni matatu."

"Mwanangu," Bibi alisema, "sisi tuko msibani, wewe unaomba parachichi?"

"Ni chambo, Bibi."

Kwa watu wa Kamunyonge, neno hilo halihitaji mkalimani. Bibi aliinuka mwenyewe kwenda kutafuta mabeseni.

Beseni la kwanza Dokta alitia udongo wa viriba vya parachichi, la pili udongo wa mikaratusi, yote mawili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. La tatu hakutia udongo kabisa. Alitia maji ya kisima, kama yalivyo, yale ambayo Bibi humwagilia kila siku. Kisha akayapanga maparachichi mawili mawili, nusu ndani ya maji na nusu nje.

"Na hilo lisilo na udongo?" Nyabweke aliuliza.

"Napenda kumsikiliza kila shahidi." Akalisukuma beseni la tatu nyuma ya benchi, ukutani, ambako jua halifiki. "Siku tatu, labda nne. Akiwemo, tunda litatia doa."

Jioni ile, upepo wa ziwa ukileta harufu ya dagaa kutoka kwenye chanja za jirani, Dokta aliwaeleza anayemsaka. Jina lake la kitaalamu ni Fitofthora, na maana yake ni mharibu mimea. Ana sura ya ukungu lakini si ukungu. Ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Ndiyo maana dawa nyingi za ukungu zinazouzwa madukani hupita juu yake bila kumdhuru. Udongo ukilowa, hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na mikia miwili, na vijimbegu hivyo huogelea.

"Huogelea? Ndani ya udongo?"

"Ndani ya maji yaliyo katikati ya chembe za udongo, Bibi. Hufuata kile ambacho mzizi unakitoa. Vikiufikia hutulia, huota, huingia. Ukame ukija, mwenyewe hujifunga ndani ya ganda gumu akasubiri. Anaweza kusubiri miaka."

"Nani alimwona kwanza?"

"Huyu ninayemhofia mimi, aliandikwa na mtaalamu aitwaye Rands, Sumatra, kwenye midalasini iliyokuwa ikichubuka magome. Mwaka 1922."

Bibi aliinua uso. Yeye ni mzaliwa wa Butiama, na mwaka huo hakuna mtu wa Butiama asiyeujua. "Mwaka aliozaliwa Mwalimu," alisema.

"Huohuo."

Niruhusu, msomaji, nikatize hapa, maana alichokisimulia Dokta baada ya hapo ndicho kilichomnyima Nyabweke usingizi. Huko Australia Magharibi kuna msitu mkubwa wa jarrah, ambao ni mkaratusi wa kwao, mbao yake nyekundu na nzito. Tangu miaka ya 1920 watu waliona miti ikikauka kuanzia kileleni, eneo baada ya eneo. Wengine walilaumu moto, wengine ukame, wengine udongo wenyewe. Jibu lilichapishwa mwaka 1965 na Podger, Doepel na Zentmyer. Huyo wa tatu alitoka California, na kazi ya maisha yake ilikuwa magonjwa ya mizizi ya parachichi. Aliyefuatilia mizizi ya matunda ndiye aliyesaidia kumtambua muuaji wa msitu, kwa sababu muuaji alikuwa mmoja.

Na nani aliyembeba kumwingiza msituni? Wenye msitu wenyewe. Walichimba kokoto kwenye mashimo yaliyokwisha ambukizwa, wakazimwaga kutengeneza barabara za kuvunia mbao. Leo kule mtu huosha buti kabla ya kuingia msituni, na zaidi ya spishi 2,000 za mimea ya asili ya eneo lile zinahesabiwa kuwa zinaweza kudhurika.

Nami nasema bila kuficha: siku zetu za kupanda miti huhesabu miche kwa maelfu na kupiga nayo picha, lakini ni nadra mtu kuchana kiriba kimoja akatazama mizizi. Tunaupenda mti, na udongo unaosafiri nao hatuuulizi umetoka wapi.

"Bibi," Dokta aliuliza, "lile Fuso la parachichi lilipita wapi humu ndani?"

"Liliingia kwa nyuma. Liliegeshwa pale chini kisimani, tingo akaliosha. Lilikuwa na tope jekundu hilo! Udongo wa kwetu hauna rangi ile."

Dokta aliandika kitu kwenye daftari lake. Hakusema neno.

*

Siku ya pili, mjomba Masatu alikuja na Kanta.

Nyabweke alikuwa ameinamia daftari la mauzo. Shule moja ya Bunda, misonobari. Familia mbili za Kiabakari, mikaratusi. Na mstari wa mwisho, uliopigiwa alama ya duara kwa kalamu nyekundu: kikundi cha Butiama, mivule 400, imelipiwa nusu, itapandwa Jumamosi kwenye mteremko ulio chini ya msitu wa Muhunda.

Muhunda si msitu mkubwa. Lakini kwa Wazanaki si mahali pa kuingia na panga. Bibi alipokuwa mtoto alifundishwa kushusha sauti akipita karibu yake, na mpaka leo akiutaja hushusha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mzigo uko tayari?"

"Mzigo hauendi."

Masatu alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka. "Mivule haijanyauka hata mmoja. Nimeipita sasa hivi, imesimama kama askari."

"Imekaa ardhi moja na mikaratusi," Dokta alisema. "Mvua ya juzi imepita chini ya viriba vyote. Mche unaweza kumbeba huyu bila kuonyesha dalili hata moja, mpaka ushike ardhi mpya."

"Dokta, nakuheshimu. Lakini ile nusu iliyolipwa, nimelipia deni la injini ya mtumbwi. Nikarudishe kwa fedha ipi? Kwa sababu ya doa la parachichi ambalo hata halijatokea?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa katika hilo alisema kweli. Doa lilikuwa halijatokea.

Dokta alijaribu njia nyingine. Alinyoosha kidole kwenye chanja za jirani. "Tazama wale dagaa. Hawagusi ardhi. Miche nayo ingekaa hivyo, juu ya chanja, maji yakitoka chini yanakwenda zake. Nipe msimu mmoja. Viriba vipya, udongo uliopikwa kwa mvuke, majembe yapite kwenye spiriti. Kitalu hiki kitapona. Mti ukishapandwa mlimani, sina dawa ya kuutibu mlima."

"Kesho kutwa ni Jumamosi," Masatu alisema.

"Kesho kutwa ndipo zinatimia siku tatu," Nyabweke akajibu. "Subiri asubuhi ile, mjomba. Ikiwa safi, nitakupakilia kwa mikono yangu."

Masatu alimtazama mama yake. Bibi alitazama ziwa.

"Sawa," Masatu akasema. Lakini jioni alirudi na mapipa mawili, akayajaza, akasema ni maji ya kusafishia gari.

*

Jumamosi, kabla ya adhana ya alfajiri, Nyabweke alitoka na tochi.

Beseni la kwanza. Kwenye parachichi la kushoto, pale pale maji yalipokoma, palikuwa na doa la kahawia, gumu, la ukubwa wa sarafu. La kulia yalikuwepo mawili.

Beseni la pili. Doa.

"Dokta!"

Dokta alikuja pekupeku. Alipiga magoti, akabonyeza doa kwa kidole, akakata kipande chembamba akakiweka ndani ya kichupa. "Doa linatuambia ukoo. Jina kamili litatoka maabara. Lakini ukoo huo unatosha kufunga geti." Akageuka. "Mivule iko wapi?"

Nyabweke alimulika. Pale ilipokuwa mivule 400 palikuwa na alama za duara kwenye udongo mbichi, na michirizi ya matairi kuelekea barabarani.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, huku Bibi akiwa mlangoni akitaja majina ya waliotangulia. Kuna kilomita zipatazo 40 tu mpaka Butiama. Kanta iliyotoka usiku ilikwisha pita Makutano zamani. Kulikuwa kumepambazuka kabisa Masatu alipopokea. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wakiimba.

"Mjomba, usishushe hata mche mmoja! Nakusihi! Doa limetoka!"

Kimya. Wimbo wa watoto ukaendelea.

"Mjomba!"

"Nimesikia." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Hatujashusha mche. Tunamsubiri mwenyekiti. Nimekosa, mpwa wangu. Nitaigeuza gari."

Nyabweke aliegemea ukuta, machozi yakimtoka. Bibi alipiga kigelegele, kimoja, kifupi.

"Nyabweke." Dokta alikuwa nyuma ya benchi, amelivuta beseni la tatu kwenye mwanga. "Njoo uone."

Maparachichi yalikuwa ya kijani, safi. Dokta akaligeuza moja, upande ule ulioelekea ukutani.

Doa.

"Hili halina udongo," Nyabweke alisema. "Ni maji tu. Ni maji ya..." Akageuka kutazama kisima, pale Fuso lilipoogeshwa tope lake jekundu. Kisha akakumbuka mapipa. Simu ilikuwa bado mkononi, bado iko hewani.

"Mjomba, yale mapipa mawili uliyojaza juzi hapa kisimani. Yako wapi?"

"Yale ya maji?" Masatu aliuliza. "Hayo tuliyashusha mapema, mashimo yalowane kabla ya miche kufika. Yamebaki nusu pipa. Watoto wamelipandisha juu, wanamwagia mikuyu ya Muhunda."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO