Shayiri: Zao Lenye Mlango Mmoja

Chama chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tukumbuke zao lililotukutanisha lilikotoka.

Shayiri ni nafaka ya kale. Yapata miaka 10,000 iliyopita watu wa Mashariki ya Kati walikwisha kuipanda, na jirani zetu wa Ethiopia wameila kwa vizazi vingi. Hapa Kenya ilipata kuwa zao la biashara kwa sababu ya bia. Mwaka 1922 kiwanda kilifunguliwa Ruaraka, karibu na Nairobi. Baadaye mashamba makubwa ya walowezi, kama haya ya Mau Narok, yakalimwa shayiri. Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi ya nyanda za juu yalikatwa vipande, na mkulima mdogo akarithi zao lililozoea trekta na mashine ya kuvunia.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mwenye mashine haji kwa ajili ya ekari tatu. Tena shayiri ya kimea haitazamwi uzito tu. Punje sharti iwe hai, ipate kuota kiwandani. Mvua ikiikuta imekomaa, huchipua ingali katika masuke. Ikikaushwa kwa moto mkali, hufa. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, protini nayo huzidi, na mnunuzi huikataa. Kabla ya kuungana tulirudishiwa magunia bila kuelezwa sababu, tukayauza kwa bei ya chakula cha mifugo, na deni la mbegu likabaki palepale.

Chama hakikuizuia mvua. Kilitupatia mashine ya kukodi kwa zamu, ghala kavu na kipimo chetu cha unyevu. Sasa twajua kama nafaka imeshuka hadi 13 kwa mia kabla lori halijaondoka.

Hatari iliyobaki ni kwamba wanunuzi wa kimea ni wachache, na viwanda vimekwisha kujifunza kutumia mtama pia. Kwa hiyo hatuna budi kupatana bei kwa pamoja kabla ya kupanda, wala si baada ya kuvuna. Kupokezana shayiri na viazi au njegere, ili magonjwa yajifichayo katika mabua yasirithi shamba. Na kutafuta soko la unga na la chakula cha mifugo.

Mkono mmoja haulei mwana. Katika mkutano mkuu ujao tutajadili mapatano ya bei. Kila mwanachama na aje na hesabu ya gharama zake.