Picha moja ya mfano, maelfu nyuma yake: historia fupi ya kurekebisha picha kwa mkupuo



Kila mtu aliyefanya kazi na picha nyingi anaijua ile kazi inayochosha. Unafungua picha, unaikata kando, unaiongezea mwanga, unaipunguza ukubwa, unaihifadhi, halafu unafungua ingine. Kumi zinaenda. Zikifika mia tatu, mkono unauma na macho yanaanza kudanganya. Siku hizi kompyuta inaweza kuifanya yenyewe: unaionyesha hatua mara moja, nayo inazirudia kwa folda nzima wakati wewe unakunywa chai. Tuangalie hiyo akili ilitoka wapi, na kwa nini inatuhusu sisi wa Uvira na wa Bijombo kule juu, zaidi sana sisi wa agronomia.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Wakati wa filamu, maabara ya kusafisha picha haikuwa na muda wa kupima rangi ya kila uso. Katika miaka ya 1950 Kodak ilianza kugawia maabara kadi ya mfano: picha ya mwanamke Mzungu, mfanyakazi wake aliyeitwa Shirley. Fundi alitengeneza mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, kisha picha za watu wote zikapita kwa kipimo kile kile. Mtu mweusi aliyepigwa pamoja na Wazungu mara nyingi alitoka giza tupu, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Kati ya waliolalamika wakasikilizwa walikuwemo, ajabu kabisa, watengenezaji wa chokoleti na wa meza za mbao, sababu filamu haikutofautisha vizuri rangi zao za kahawia. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilitoa kadi yenye nyuso za rangi mbalimbali.

Anayefyatua matofali anaelewa hilo bila kuelezwa. Kalibu ikipinda, matofali yote yanapinda, na nyumba inapinda nayo.

Kompyuta ilipoingia, kazi ya kurudia ikawa nyepesi sana. Mwaka 1987 John Cristy, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya DuPont, alianza kuandika ImageMagick, na mwaka 1990 ikatolewa bure kwa watu wote. Hiyo programu haihitaji hata kufungua picha: unaandika mstari mmoja wa amri, na folda nzima inapunguzwa ukubwa. Mwaka huo huo wa 1990 ikatoka Photoshop ya kwanza, iliyoanzishwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll. Toleo lake la 4, mwaka 1996, lilileta Actions: unarekodi hatua zako kama vile mtu anarekodi sauti, halafu unazichezesha upya juu ya picha zingine. Mwaka huo wa 1996 pia wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walitoa GIMP, programu ya bure ambayo baadaye ilipata njia yake ya kuandikiwa skripti. Kumbukeni walikuwa wanafunzi, sawa na wengi wanaosoma ukurasa huu.

Sasa tuingie shambani. Mwaka 2016 watafiti watatu, Mohanty, Hughes na Salathé, walitangaza kwamba wamefundisha kompyuta kutambua magonjwa ya mimea kwa picha 54,306 za mradi wa PlantVillage. Hakuna mtu anayeweza kurekebisha picha elfu hamsini na nne kwa mkono. Zote zilipunguzwa kuwa na upande wa pikseli 256, zikatengenezwa kwa namna tatu: za rangi, za nyeusi na nyeupe, na zilizoondolewa kila kitu nyuma ya jani. Zile za rangi ndizo zilifanya vizuri zaidi. Zile za nyeusi na nyeupe zikabaki nyuma. Katika jaribio bora kompyuta ilipata asilimia 99.35. Lakini walipoipa picha zilizopigwa mahali pengine, kwa hali tofauti, ikashuka mpaka karibu asilimia 31. Sababu moja ni kwamba yale majani yalichumwa kwenye vituo vya utafiti vya Marekani, yakawekwa moja moja juu ya karatasi. Kompyuta ilizoea jani lililotulia peke yake mezani. Shamba halina meza.

Mwaka 2017 wengine wakaenda njia tofauti, karibu na Bagamoyo, Tanzania, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA. Walipiga picha za muhogo papo hapo shambani, wakachagua 2,756. Kisha wakazikata kwa mkono, kijani kimoja kimoja, wakapata picha 15,000. Matokeo bora yakafika asilimia 93 kwa picha ambazo kompyuta haikuwahi kuona. Kutoka kazi hiyo ikazaliwa Nuru, programu ya simu inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata bila intaneti. Kwa hiyo kuna sehemu ya kazi waliyoikatalia mashine: ile ya kuchagua na kukata, inayohitaji jicho la mtu anayejua ugonjwa.

Hapa ndipo jambo linatugusa. Muhogo wa Bagamoyo unaweza kumsaidia mkulima wa bonde la Ruzizi. Lakini kule Bijombo, kwenye baridi ya milima, watu wanalima viazi, maharagwe na mahindi. Viazi vimo katika picha za 2016, ila ni majani ya Marekani juu ya karatasi. Mildiou ya kiazi chetu, na ukungu wa asubuhi na udongo wetu nyuma yake, nani ameipiga picha? Kama siyo sisi, kadi ya mfano itatoka tena kwa wengine, na kiazi chetu kitakuwa yule mtu mweusi kwenye filamu ya zamani.

Basi anayekusanya picha za TFC au mémoire aanze na haya. Weka picha asili kwenye folda yake, usiziguse kabisa. Amri ya ImageMagick inayoitwa mogrify, kwa mfano, ukiiacha hivi hivi inaandika juu ya picha yako, na ya kwanza hairudi. Jaribu hatua zako kwa picha tano zisizofanana: ya jua kali, ya mawingu, ya jani zima, ya jani gonjwa, ya jani lenye udongo. Kuwa macho na marekebisho ya rangi ya moja kwa moja, sababu yanaweza kupunguza ule umanjano, na umanjano ndiyo dalili tunayotafuta kwenye jani la sombe. Andika jina la kijiji na tarehe kwenye jina la kila faili. Hiyo kazi mashine inaiweza vizuri, mwachie. Kuhakikisha ni ugonjwa gani, baki nayo wewe pamoja na mkulima mwenye shamba.